Mwona Haya Mkuu wa Serikali

Nchi yenyewe haipakani na yetu. Hilo lisemwe mapema, maana wapo watu ambao wakisikia habari za waziri wa ugenini huanza kumkodolea macho waziri wa kwao. Ni mbali huko. Kufika ni lazima upite nchi nyingine kadhaa, zote zenye viongozi waadilifu kama wetu, na barabara ni nzuri mpaka pale mkandarasi alipooa mke wa pili. Baada ya hapo unauliza wenyeji.

Katika nchi hiyo aliishi mwalimu wa sayansi kimu, mjane, jina lake Siwatu. Alifundisha wasichana kushona vifungo na kupika wali usiogeuka bokoboko, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: alikuwa akiona haya. Tena hakuona haya ya mambo yake peke yake. Mtu akiruka foleni mbele yake, Siwatu ndiye aliyetazama chini. Mgeni akijaza mfuko wa rambo nyama ya arusi kabla maharusi hawajafika, Siwatu ndiye aliyejifunika uso kwa ncha ya kanga. Wenzake shuleni walimhurumia na kumshauri atafute dawa.

Zamani ugonjwa huo ulikuwa wa kila mtu. Muuza nyama akikamatwa na mizani iliyochezewa, alifunga duka akahama mtaa. Siku hizi akikamatwa huongeza bei, kufidia usumbufu alioupata. Mwanafunzi mmoja aliyenakili mtihani alimshtaki jirani yake wa dawati kwa kumwonyesha majibu yasiyo sahihi, akashinda kesi, na jirani akaamriwa amwombe radhi. Msibani watu walipiga picha na maiti, wakachagua ile waliyotoka vizuri wao. Bwana mmoja aliazima pasi kwa Siwatu, akaifuta vumbi, akarudi kumuuzia. Siwatu aliinunua harakaharaka, bwana yule asije akaumbuka mbele za watu.

Kisha likaja jambo la mabati.

Waziri wa Ustawi wa Wananchi, Mheshimiwa Kedi Mapande, alikuwa amejenga nyumba mlimani. Ilipofika zamu ya kuezeka, alitazama bondeni akaiona hospitali ya wilaya, na juu ya wodi ya wazazi mabati mapya ya buluu yenye maandishi meupe ambayo hata rubani angeyasoma: WODI YA WAZAZI, MALI YA UMMA. Haukupita muda, mabati yakapanda mlima. Mafundi hawakujali mpangilio, kwa hiyo paa la waziri likasomeka MALI YA WAZAZI, WODI YA UMMA, na mara kwa mara mwanamke mwenye uchungu alifikishwa na bodaboda mpaka getini kwa waziri, mlinzi akamwelekeza kwa upole njia ya kurudi bondeni.

Redioni mtangazaji alimuuliza kama habari hizo ni za kweli. Waziri wa enzi za nyuma angesema amenukuliwa vibaya, au angeugua ghafla akapelekwa ng'ambo. Mheshimiwa Mapande alikivuta kipaza sauti karibu.

"Ni kweli tupu," alisema. "Nyumba yangu haikuwa na paa. Mlitaka kiongozi wenu anyeshewe? Kiongozi akilowa, taifa limelowa. Hao kina mama wanalala pale siku mbili tatu tu. Mimi nalala kwangu mwaka mzima."

Nchi nzima ilimstaajabia. Watu walisema angalau huyu hafichi. Wiki iliyofuata akawa Waziri Mwandamizi, na mawaziri wenzake, waliokuwa bado wanaiba kwa kujificha, wakajiona washamba.

Hapo ndipo serikali ilipotambua kwamba haya inachelewesha maendeleo. Mtaalamu wa macho, Daktari Pazi, aliitwa kulihutubia Bunge, naye akafika na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutazamwa nayo.

"Waheshimiwa," alianza, "lugha yetu imetuficha siri kubwa. Tunasema mtu ameona haya. Hatusemi amesikia haya, wala amenusa haya. Ameona. Na binadamu huona kwa kiungo gani?"

Bunge lilijibu kwa pamoja kwamba ni kwa macho. Spika alilipongeza.

"Basi haya ni maradhi ya macho, waheshimiwa, na ushahidi tunao midomoni kila siku. Mtu mzima wa afya, asiyebabaika, tunamwitaje? Mwenye macho makavu. Tukiyakausha macho ya wananchi wote, tumeumaliza ugonjwa huu katika awamu hii hii."

Sheria ilipita kabla ya chakula cha mchana. Salamu ya taifa nayo ikabadilishwa. Kiongozi akisimama jukwaani anaita "Macho!" na umma unaitika "Makavu!" Watoto waliipenda sana.

Watumishi wote wa serikali walitakiwa kupimwa, na Siwatu akaenda na kikapu chake cha chakula, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Ndani, Daktari Pazi alimkalisha kitini akamwambia amtazame usoni bila kupepesa. Kisha akakivuta kile kikapu, akafungua bakuli, akaanza kula wali wa Siwatu na mchuzi wa samaki wa Siwatu, huku akimwangalia.

"Chumvi imepungua," alisema daktari.

Siwatu alitazama sakafu. Masikio yalimwaka moto kana kwamba ni yeye aliyekamatwa na mkono ndani ya bakuli la mtu.

"Unaona haya kwa ajili yangu?" daktari aliuliza.

"Nisamehe, daktari."

"Anaomba na msamaha," daktari alimwambia muuguzi. "Andika ugonjwa umekomaa. Haya ya kuambukizwa, tena kutoka kwa mtu asiye nayo." Akamaliza na samaki.

Siwatu alipewa matone ya kukausha macho na likizo ya ugonjwa isiyo na mshahara. Matone yalimfanya atoe machozi.

Sasa, likizo angeivumilia. Kilichomkosesha usingizi ni binti yake wa pekee, Sikitu, aliyekuwa na mimba ya kwanza, na masika yalikuwa yamekaribia. Alikwenda wodini kujionea manyunyu ya kabla ya masika yalivyofanya. Akakuta kina mama wamelala chini ya miamvuli na vichanga wamefunikwa kwa mabeseni, na wauguzi wanapiga deki juu ya magodoro. Watoto waliozaliwa humo tangu mabati yaondoke waliitwa Mvua, Tufani, Umande, na mmoja Mwamvuli, kwa heshima ya aliyeuazima.

"Mama, mimi nitazalia wapi?" Sikitu alimuuliza.

"Hapo hapo," Siwatu alijibu. "Na paa litakuwapo." Hakujua litatoka wapi. Alilisema tu, kama mama anavyosema.

Mumewe Sikitu, Chande, alikuwa mpaka rangi wa nyumba, kijana mwenye adabu za kizamani. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Wakikaribia kukutana njiani, aliingia uchochoroni. Akiwa na neno la kumwambia, alisimama nyuma ya ukuta wa jiko akalisemea huko. Kwa kuwa hakuwa mtumishi wa serikali, hakuna aliyempima macho.

Masika yalipoanza, watu waliandamana mpaka kwenye wizara. Walikuwa wengi na wamelowa. Lakini watu wa nchi ile walikuwa wamezoea kuomba kidogo, na madai yao yakapungua kadiri walivyokaribia geti. Walipoondoka sokoni walidai mabati. Walipofika benki walidai maelezo. Pale getini mzee wao wa maandamano akasema: "Hatutaki makubwa. Tunataka mtu mmoja tu aone haya."

Baraza la mawaziri lilikaa. Dai lilikuwa dogo, na halikuwa na gharama. Mheshimiwa Mapande alijaribu mbele ya kioo kuinamisha uso, ukainama vizuri, lakini macho yakabaki juu. Waziri wa Fedha alijaribu kujifunika kwa leso, akakumbuka leso ni ya hotelini, akacheka. Mmoja alifanikiwa kutoa chozi, ikagundulika ni kitunguu. Ndipo Daktari Pazi alipokumbuka kwamba yuko mgonjwa mmoja ambaye dawa ilimkataa.

Siwatu alifuatwa na gari lenye bendera. Waziri Mapande mwenyewe alimpokea, akamwita dada.

"Mwalimu, taifa linakuhitaji," alisema. "Nitahutubia. Kila nikifika mahali pagumu, wewe utasimama ubavuni kwangu uone haya. Cheo chako ni Mwona Haya Mkuu wa Serikali. Una gari, una dereva, na una kanga za kazi."

"Na mabati, mheshimiwa?"

"Tuanze na haya kwanza. Mengine yatafuata."

Siwatu alikubali. Asilaumiwe. Alifikiri kwamba mtu akisimama karibu na mwenye kuona haya siku baada ya siku, mwishowe na yeye itamgusa, kama baridi inavyomgusa aliyekaa karibu na mlango.

Hotuba ya kwanza ilifana. Waziri aliposema "mabati yale yako mahali salama", Siwatu aliona haya ya kweli kabisa, haya iliyompanda kutoka miguuni. Akainama, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtetemeka. Umati ukashusha pumzi. "Umeona?" watu waliulizana. "Serikali imeona haya." Wakakunja mabango wakaenda nyumbani kupika.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Aliona haya kwa niaba ya shirika la umeme, asubuhi, na kwa niaba ya shirika la maji, mchana. Aliona haya uwanjani kwa ajili ya timu ya taifa, mapumziko na mwisho wa mchezo. Jaji aliyelala kesi nzima akaamka na kumfunga shahidi alimwomba aje mara moja tu, kwa dharura. Watu binafsi nao walituma maombi: bwana aliyepokea mahari ya binti mmoja kutoka nyumba mbili alitaka amsindikize kwenye kikao cha wazee. Kila alikosimama, mambo yalitulia. Waliokosa walikaa wima, na yeye aliinama.

Mvua ilizidi. Siku moja, baada ya hotuba, mwanamke mwenye kichanga mgongoni alimshika Siwatu mkono. Mtoto alikuwa amelowa chapachapa na anakohoa.

"Ahsante, mwalimu," alisema yule mwanamke. "Leo umeinama vizuri kuliko juzi. Roho zetu zimetulia."

Siwatu alimtazama mtoto. Hasira ilimshika, na ilimshika vibaya, kwa sababu hakujua amkasirikie nani. Alimfuata waziri mpaka garini.

"Mheshimiwa, mabati yatarudi lini? Binti yangu siku zake zimefika."

Mheshimiwa Mapande alishangaa kwa dhati. "Yarudi ya nini, mwalimu?" alisema. "Si wewe upo?"

Akafunga kioo cha gari. Siwatu alibaki amesimama barabarani, na hapo ndipo alipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya. Hakuwa akiwaonyesha watu haya. Alikuwa akiwazibia paa lililotobolewa, na kadiri alivyoziba ndivyo waliokuwa chini walivyozidi kulowa wakidhani wamestirika. Alitamani aivue haya ile aitupe mtaroni, lakini haikuwa kanga.

Jumamosi Sikitu alishikwa na uchungu. Walimpeleka wodini na ndoo, turubai na mwamvuli, na mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mashariki. Siku hiyo hiyo, mlimani, Mheshimiwa Mapande alikuwa na karamu. Alikuwa ametunukiwa Nishani ya Uso Mkavu, Daraja la Kwanza, na Mwona Haya Mkuu alitakiwa kuhudhuria, kwa kuwa nishani yenyewe ilinunuliwa kwa fungu la chanjo.

Siwatu alirudi nyumbani, akavaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni, akajifunga kanga mbili juu yake. Kisha akaenda kusimama jikoni, upande wa ndani wa ukuta.

"Chande, baba, upo?"

"Nipo, mama," sauti ilijibu kutoka nje.

"Nataka ngazi yako ile ndefu, na nyundo ya kung'olea misumari. Uvipeleke mlimani kwa waziri."

"Kuna kazi ya rangi, mama?"

"Kuna kazi ya paa. Napanda mwenyewe. Nataka mtu wa kunishikia ngazi."

Mkwe kumshikia mama mkwe ngazi, mchana kweupe, mbele ya watu! Bora angeambiwa aibe.

"Mama, nipande mimi," Chande alisema.

"Wewe wakikukuta juu ya paa la waziri watakupiga risasi waseme mwizi. Mimi wananijua, ni mtumishi wa serikali. Watasubiri kwanza waelewe."

"Mama, mimi siwezi kutazama juu."

"Nani kakwambia utazame?"

Karamu ilikuwa sebuleni na varandani. Mlinzi alimpisha Mwona Haya Mkuu kwa heshima, na ngazi akaipisha pia, akidhani ni ya mpambaji. Chande aliisimika ubavuni mwa nyumba. Akaishika kwa mikono miwili na kugeuza uso ukutani, paji la uso likigusa chokaa, macho ameyafumba. Katika nchi nzima siku hiyo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazama pengine.

Siwatu alipanda. Isidhaniwe kwamba haya ilikuwa imemtoka. Kila kipago alichokikanyaga ilimzidi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwalimu wa adabu na mapishi, yuko ngazini na suruali ya mwanamume, na mkwewe yuko chini yake. Alijua wanafunzi wake watasikia. Alijua jina lake litaliwa na midomo ya mji mzima. Akafika juu, akapiga magoti kwenye neno UMMA, akaanza kung'oa.

Msumari wa kwanza ulilia kwa sauti ambayo muziki haukuweza kuifunika. Wageni walitoka nje na sahani zao. Daktari Pazi alibadilisha miwani, akatazama, na uso ukamng'aa.

"Amepona," aliwaambia waliokuwa karibu. "Angalieni. Mgonjwa sugu kabisa, na leo macho makavu kuliko ya waziri. Dawa imefanya kazi."

Wageni walipiga makofi. Wengine waliona ni sehemu ya karamu, wakainua simu kupiga picha. Bati moja lilifunguka, likateleza, likashuka kando ya ngazi, na Chande akalidaka kwa kupapasa bila kufumbua macho. La pili likafuata. Bibi mmoja aliyevaa vizuri alimsogelea Chande akamuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kupata mawili matatu kwa ajili ya banda lake la kuku.

Mvua ikafika. Ilipita bondeni kwanza, juu ya wodi ambako Sikitu alikuwa akimwita mama yake, kisha ikapanda mlima kama wageni wengine, ikaingia sebuleni kwa waziri kupitia pale palipokuwa wazi. Ilinyesha juu ya keki. Ilinyesha juu ya makochi yaliyokuwa bado ndani ya nailoni. Mheshimiwa Mapande, aliyekuwa katikati ya kusoma hotuba ya kujipongeza, alisimama na karatasi ikimlainikia mkononi na nishani ikimchuruzika kifuani. Hakuna aliyekuwa ubavuni mwake. Alitazama kushoto, kwa mazoea, kumtafuta mtu wa kuinama, akakuta kiti kitupu.

Alitoka nje kichwa wazi. Akainua uso, akamwona Siwatu amepiga magoti juu ya nyumba yake na nyundo mkononi, kanga zimemganda mwilini kwa mvua.

"Mwalimu Siwatu," aliita, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Mtu mzima wewe, mama wa watu, unapanda juu ya nyumba ya mtu mchana wote huu, mbele ya wageni wangu. Huoni haya?"

Watu hawakuwa wamelisikia swali hilo kwa muda mrefu sana, na hawakutarajia kulisikia kutoka kinywa hicho. Simu zikashuka moja moja. Daktari Pazi alivua miwani. Yule bibi wa banda la kuku alitazama ncha za viatu vyake, akashangaa kujikuta anazitazama.

Siwatu alijifuta maji usoni kwa kiwiko.

"Naona, mheshimiwa," alisema. "Naona haya kuliko siku zote ulizonilipa." Kisha akapenyeza nyundo chini ya bati lililofuata, akalikandamiza, msumari ukatoka.

"Haya hapa. Chande, baba, pokea."